Gunia la Magadi Bwawani

Jumatatu, 10 Novemba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tangi la tatu. Nimechomeka fimbo kwenye kahawa, nikaichomoa, tundu limebaki wazi. Nimesugua punje viganjani, zinakwaruza kama kokoto. Ute umeachia. Nimewaambia wafungue maji ya kuoshea.

Kisha karatasi. Najua wananicheka. Kiwanda hiki kimeosha kahawa ya Githongo miaka yote kwa fimbo na kiganja, na hakuna aliyelalamika. Lakini nilikuwa fundi wa maabara ya shule ya wasichana miaka thelathini na miwili, na kustaafu hakukunitoa hiyo kazi mwilini. Kijitabu cha karatasi za kupimia pH, kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka asidi imezidi, kiko mfukoni kila siku. Jana jioni tangi la tatu lilikuwa 5.6. Leo ni 4.2.

Bado inanishangaza. Tunamenya kahawa, inalala na ute wake, hakuna anayetia kitu. Vijidudu visivyoonekana vinakula sukari ya ute na kuacha asidi. Kutoka tano na kitu hadi nne na kitu, mtu anadhani ni tofauti ndogo. Kila hatua moja ni mara kumi. Maji yale yamekuwa makali mara ishirini na zaidi huku mimi nikikoroma.

Jioni nilimweleza Kathure haya. Kathure ni mjane wa kaka yangu, shamba letu ni moja, nyumba zetu zinatazamana. Alikuwa anawatupia samaki chakula. Akaniambia samaki wake hawajui hesabu, wanajua pumba. Ana tilapia kama elfu moja katika bwawa alilolichimba mwenyewe kwa jembe mwaka uliofuata baada ya kumzika Kaka. Atavuna Desemba.

Amerudia yale maneno. Mavuno haya yakiharibika kama yaliyopita, anauza kipande cha mtoni na kwenda kuishi Nanyuki kwa binti yake, Kendi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki. Nilichukia. Sina mume, sina mtoto. Nina Kathure.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Kahawa nayo imekuja kwa wingi wa kutisha, foleni ya magunia hadi barabarani.

Shimo la maji machafu limejaa. Maji yote ya kumenyea na kuoshea huenda huko yakae, yapoe makali, yazame ardhini polepole. Leo yalikuwa shibri moja kutoka ukingoni. Nimepima: 4.0. Mfereji unaoyapeleka ulijengwa kwa saruji laini. Sasa kokoto zimetokeza kama meno, kwa sababu saruji ina chokaa na asidi hula chokaa. Kila msimu inakula kidogo. Nilisimama kwenye mvua nikiutazama kama mjinga.

Murithi, meneja wetu, alikuwa mkutanoni Meru mjini, huko Kinoru. Simu yake haikushika. Ukingo ungevunjika ungemwaga kila kitu kwa mara moja. Nikaamua mimi. Nimefungua geti dogo la pembeni, maji ya juu yakatiririka kwenye majani ya nepia. Nilidhani nepia na udongo vitayanywa. Nilifunga baada ya nusu saa hivi.

Labda ilikuwa saa nzima. Nilikuwa nahangaikia foleni. Niandike ukweli hapa angalau: ilikuwa zaidi ya saa nzima.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua imekatika. Jua kali. Shimo limeshuka. Murithi amerudi, nimemwambia mambo yalikwenda sawa. Nepia imelala upande mmoja, imechanwa kama nywele. Sikufuata kuona maji yalielekea wapi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kathure aligonga dirisha kabla sijavaa viatu. Alinishika mkono, akanivuta hadi bwawani.

Samaki wote wako juu ya maji. Midomo wazi, inafunguka na kufumba, elfu moja. Maji yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa na yananuka kiwanda. Kumi na wawili wamekufa tayari. Nimechovya karatasi. Imekuwa rangi ya machungwa. 4.8.

Nikajua papo hapo. Nilipanda mteremko ulio juu ya bwawa peke yangu, nikaona mkondo mpya kwenye nyasi, kutoka nepia hadi kwenye ukingo wake. Nilikaa chini.

Sikumwambia. Aliniuliza ni nini, nikasema maji yameingia uchachu, mvua imeleta uchafu kutoka juu. Uongo wa mtu msomi, kila neno kweli na jumla yake uongo. Aliniuliza dawa yake. Na hapo mdomo wangu wa maabara ukafunguka. Nikamwambia asidi huuawa na besi. Akaniuliza besi ni nini. Nikasema ni kama ile magadi unayotia kwenye mahindi na maharagwe yakikataa kuiva. Akaelewa. Uso wake ulilegea kidogo.

Nilimwambia nitatafuta chokaa ya shamba, ile inayofanya kazi polepole. Nilisema pia asiguse kitu. Nadhani nilisema. Nilikuwa naharakisha kuondoka mbele ya macho yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya.

Chokaa nimeipata saa nane mchana tu, magunia mawili, kwa duka la pembejeo. Nikapanda pikipiki nayo. Nimefika, Kathure anakuja kunilaki akitabasamu. Harufu ya kiwanda imepungua, akasema. Maji yametulia. Ameshatibu.

Ametia magadi. Si kijiko. Gunia zima la magadi ya ng'ombe, ile wanayolamba zizini. Amelivunja kwa nyundo na kulimwaga kwa karai, pembe zote nne, tangu asubuhi. Sisi tunavyopika ndivyo hivyo, mahindi yakikaza unaongeza, yakikaza tena unaongeza, na hakuna mtu wa Meru aliyewahi kuharibu sufuria kwa magadi. Mimi ndiye niliyempa mfano huo. Ningemwambia kwa kemia asingeelewa na asingefanya kitu.

Karatasi imekuwa buluu nzito. 9.4.

Jua likiwaka. Na jua linaongeza. Ule ukijani wa bwawani hunywa hewa chafu, ile tunayoitoa kwa pumzi, kutoka majini mchana ili ujitengenezee chakula, na hewa hiyo ni asidi ndogo, kwa hiyo kila alasiri kipimo cha bwawa hupanda na kila alfajiri hushuka. Linapumua. Miaka yote nimepita kando ya bwawa hili nikidhani limelala.

Saa kumi jioni samaki walianza kugeuka. Sio juu wakihema kama jana. Walikuwa wanazunguka, wanajipiga, kisha ubavu. Kathure alisimama na karai mkononi. Aliniuliza kama ameongeza kidogo mno.

Niandike kilichotokea, ili nikielewe. Samaki hutoa amonia mwilini. Elfu moja kwa miezi minane, maji yamejaa amonia. Katika maji ya kawaida au yenye uchachu, kila chembe ya amonia hukamata chembe moja ya hidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, na ikiishaikamata haiumizi. Ukitia besi, chembe ile inanyang'anywa. Amonia inabaki uchi na kuingia kwenye matamvua. Ile asidi niliyowamwagia iliwanyima pumzi, lakini ilikuwa pia imefunga sumu yao wenyewe. Magadi imeifungua.

Kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kuandaa mezani kwa wasichana. Hakionekani kwa darubini yoyote ya shule. Na kinaamua nani aishi bwawani. Ninaogopa na ninastaajabu kwa pamoja, na ninaona aibu kustaajabu wakati Kathure anaokota maiti kwa ungo.

Mia mbili na zaidi tumezika leo.

Jumamosi, 15 Novemba

Alfajiri: 9.0. Wengine mia tatu na zaidi wamekufa usiku. Limeshuka kidogo kwa kupumua, litapanda tena mchana. Magadi haitoki kwa kuombewa. Ningeweza kutia asidi, lakini ile ya kiwandani inakula hewa ya samaki, na nyingine sina, na mkono wangu siuamini tena. Njia moja tu: maji safi, mengi, yapite na kutoka, siku na nusu.

Maji hayo yapo. Bomba kubwa linatoka juu, kwenye chanzo cha mto, linaingia kiwandani. Ni la kuoshea kahawa. Na kahawa haingoji. Iliyomenywa leo ikikosa maji kesho itachacha kupita kiasi na kunuka, na hiyo ni kahawa ya watu mia tatu.

Saa nne niliomba kamati ya chama chetu cha ushirika ikutane. Ilikuwa tayari hapo kwa ajili ya mizani. Kathure alikuja nyuma yangu na gumboots zake zenye matope. Nilieleza. Mwenyekiti wa chama alinisikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hiyo kahawa iko kwa tangi itangoja nani? Bwawa ni ya mtu mmoja."

Wananiita mwalimu ingawa sikuwahi kuwa. Murithi naye alisema msimu huu maji hayagawanyiki, na kwamba maji ya bwawa la mtu yakiingia uchachu si kosa la kiwanda.

Murithi alikuwa amenipa mlango wa kutokea bila kujua. Ningeweza kuinamisha kichwa, nimfariji Kathure, afunge mizigo aende Nanyuki, na hakuna ambaye angejua milele. Niliwaza hivyo. Niliwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

"Ni mimi nilifungua geti Jumanne," nikasema. "Maji ya shimo ndiyo yaliingia kwa bwawa. Ni kosa la kiwanda, na kiwanda ni mimi."

Mashine ya kumenya ilikuwa inanguruma nje. Kathure ndiye aliyeuliza, na aliniuliza mimi, si kamati.

"Na Alhamisi ukikuja na hizo karatasi zako, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alitazama gumboots zake. Akatoka.

Waliongea Kimeru kwa nusu saa, kwa sauti ya chini, kama watu waliofiwa. Uamuzi: maji ya bomba yaende bwawani kuanzia leo saa tisa hadi Jumatatu alfajiri, kwa sababu kesho ni Jumapili na hakuna kahawa inayopokelewa. Lakini kahawa ya leo ilikuwa imeshakuja. Tangi moja zima. Hiyo nitaiosha mimi bila bomba, nijue nitakavyojua. Ikinuka, nitasimama mbele ya wenye kahawa niwaeleze mwenyewe. Na funguo za geti nikabidhi. Nimekabidhi.

Saa tisa na dakika kumi maji yaliingia bwawani. Kabla ya hapo nilishuka kufuata mto, nyumba kwa nyumba, kuwaambia wasichote maji hadi Jumatatu, kwa sababu maji ya bwawa yangetokea huko. Nimelisababisha, nilitaje kwa mdomo wangu. Wengine walinishukuru. Mama mmoja alifunga mlango.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipokuwa.

Nimepima viwili siku nzima. Nikitoka tangini naenda bwawani, nikitoka bwawani narudi tangini. Mita mia nne, kilima.

Saa kumi na mbili: bwawa 8.7, tangi 5.0.
Saa tatu: bwawa 8.6, tangi 4.5.

Moja linashuka kutoka uchungu wa magadi, jingine linazama kwenye uchachu. Ngazi ni ile ile. Saba iko katikati, na hapo ndipo damu yangu ilipo, juu kidogo tu, saba nukta nne. Ikitoka hapo kwa nukta chache mtu anakufa. Nimewahi kuandika hivyo kwenye chati ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kuliogopa neno hilo hadi leo, nikipanda kilima nikihema, nikijua kila pumzi ninayotoa inatupa asidi nje ili nibaki pale pale.

Saa tano fimbo iliacha tundu wazi. Tangi liko tayari, na maji hakuna. Nilianza na ndoo mbili kutoka mtoni. Ndoo ishirini baadaye nilikuwa sijalowesha hata pembe ya tangi. Nilikaa kwenye ukuta nikalia, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Saa saba ibada iliisha. Wanawake wa kikundi cha Kathure walishuka na nguo zao za kanisa, leso za kikundi begani, na mitungi. Sijui nani aliwaambia. Kathure alikuwa katikati yao. Hakunitazama. Alivua viatu vyake vizuri, akavipanga juu ya jiwe, akaingia kwenye mstari. Walipitisha mitungi mkono kwa mkono kutoka mtoni, wakiimba ule wimbo walioanza kanisani. Mimi nilikuwa ndani ya tangi, kahawa hadi magotini, nasukuma kwa ubao. Asidi iliingia kwenye kila mkwaruzo wa miguu. Nilistahili.

Tumemaliza saa kumi na moja. Tangi lilikuwa limefika 3.9. Nimenusa kila kiganja. Hainuki. Ni kahawa.

Bwawa saa kumi na mbili jioni: 8.1.

Jumatatu, 17 Novemba

7.6. Bomba limerudi kiwandani. Murithi amenipa kazi ya kutandaza kahawa mezani, kwenye jua, mbali na maji. Sawa.

Samaki watatu wamekufa. Jana walikuwa arobaini.

Kathure haongei nami. Anaitikia salamu kama posta inavyopokea barua.

Jumanne, 18 Novemba

7.4. Hakuna aliyekufa. Hajaongea.

Jumatano, 19 Novemba

Amevuta wavu kuhesabu. Nilitazama kutoka kwangu. Aliingia majini hadi kifuani, akawahesabu kwa sauti akiwarudisha. Alikomea mia tatu na sitini na mbili, sauti yake ikasimama hapo. Kutoka elfu moja.

Jioni nilimwona akiongea kwa simu, muda mrefu, akitembea kando ya bwawa. Ni Kendi, bila shaka. Nimepika ugali sikuula. Nimejaribu kuifikiria nyumba ile ikiwa imefungwa kwa kufuli.

Alhamisi, 20 Novemba

Ukungu asubuhi, kisha jua la pole. Nimetandaza kahawa. Imekauka vizuri, ina rangi ya krimu. Ile ya Jumapili imechanganyika na nyingine na hakuna anayeweza kuzitofautisha.

Saa kumi jioni Kathure aliniita kwa jina langu, Karimi, kutoka mlangoni mwa jiko lake. Tangu Kaka alipokufa hajawahi kuniita hivyo. Nilikwenda kama ninayeitwa ofisini.

Kulikuwa na tilapia wawili kwenye karai la mafuta. Amefuga samaki miaka minne, anawauza hotelini, na hajawahi kuonja mmoja. Mimi pia. Baba zetu walihesabu samaki na nyoka katika boma moja. Alisema hawa wawili walikuwa dhaifu, wasingefika kesho, na hataki tena kuzika.

Walinuka. Aliziba pua kwa leso. Kulikuwa na limau dirishani, nikalikata, nikawakamulia, na harufu ikakatika. Aliniangalia. Nikamweleza, kwa sauti ya chini kwa sababu sikujua kama naruhusiwa: harufu ile ya samaki ni besi, jamaa ya amonia, inaruka hewani. Asidi ya limau inaipa chembe moja ya hidrojeni, na ikiishapata haiwezi kuruka tena. Inakaa sahanini kimya. Ni chembe ile ile.

Alinusa sahani. Akanusa tena. Akaniuliza kama ni kweli chembe ile ndiyo iliyowaua. Nikasema kukosekana kwake ndiko kulikowaua. Alikaa akilitazama limau kwa muda mrefu, na niliona kwenye uso wake kile kinachonipata mimi, cha miaka yote, ambacho sijawahi kumpitishia mtu. Hakuwa na hasira wakati huo. Alikuwa anashangaa tu.

Kisha akamega ubavu wa samaki, akauweka kwenye sahani yangu kwanza.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini nimeambia Kendi siendi. Nikienda, nani atakuwa anakuchunga?"

Nilikula. Tilapia ana miiba mingi, ni mtamu. Tuliwala wote wawili hadi kichwa, na Kathure akaosha vyombo.